Nyumba ya Watawa Kando ya Forodha

I. Kanisa na shule yake

Mtu ashukaye chomboni kutoka Unguja, akatoka bandarini Dar es Salaam na kuingia barabara iitwayo leo kwa jina la Sokoine, hukabiliwa na mnara mrefu wa kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kanisa hilo lilijengwa na Wabenediktini wa Kidachi tangu mwaka 1897 hata mwaka 1902, na kwa wenyeji wa Kivukoni limekuwa alama ya njia. Kando ya kanisa ipo shule. Wapitao hapo ni wengi, na karibu wote huinua macho kulitazama kanisa. Waitazamao shule ni wachache.

Lakini shule hiyo ina habari yake. Katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja imeitwa kwa majina matatu. Wazee waliijua kuwa Konventi ya Mtakatifu Yosefu, maana ilikuwa ya masista. Wana wao waliijua kuwa Shule ya Sekondari Forodhani, maana ilikuwa ya Serikali. Wajukuu waijua kuwa shule ya Kathedrali ya Mtakatifu Yosefu, maana imerudi mikononi mwa Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Mahali ni palepale, na kazi ni ileile ya kufundisha watoto. Lililobadilika ni jina, na mwenye ufunguo.

Twataka kuieleza habari hiyo kwa ufupi, kwa kuwa yawahusu sana walimu na mapadre. Wako wasimuliao jambo hili kama habari ya kunyang'anywa tu, na wako wasimuliao kama habari ya kukombolewa tu. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli, na kwamba nusu hizo mbili hukutana mlangoni: yaani, katika kila zama za nyumba hii, ni mtoto wa nani aliyeruhusiwa kuingia?

II. Juu ya neno mtawa

Yafaa tuanze na maneno, kwa kuwa mara nyingi neno huhifadhi habari ambayo watu wameisahau. Katika Kiswahili cha pwani lipo tendo kutawa. Maana yake ya kale ni kukaa ndani bila kutoka. Mwanamke wa watu wa heshima alisemwa kuwa ametawa: haonekani njiani mchana, haendi sokoni, na akitoka hutoka usiku, amejifunika, tena akifuatana na wenziwe. Kadhalika mtu aliyejitenga na mambo ya dunia apate kumcha Mungu aliitwa mtawa, awe mwanamume au mwanamke, na hali yake ndiyo utawa. Maana hizi mbili ni jamaa moja, kwa sababu zote zatokana na mlango uliofungwa.

Wamisionari walipotafuta jina la kuwataja watu walioweka nadhiri za ufukara, usafi na utii, hawakulazimika kuazima neno ugenini. Walilikuta neno mtawa limekwisha kuwapo, lina heshima, nalo laeleweka kwa Mwislamu na kwa Mkristo. Hata hivyo lilipoingia katika matumizi ya Kanisa lilipanuka. Kwa desturi ya pwani mwanamke aliyetawa hufunga mlango wake. Sista naye ni mtawa, na nyumba yake ina sehemu isiyoingiwa na wageni. Lakini mchana huenda kwa wagonjwa, na asubuhi hufungua mlango wa darasa na kuingiza watoto wa watu. Hivyo nyumba ya watawa wafundishao ina milango miwili: mmoja wa kufungwa, kwa ajili ya sala, na mmoja wa kufunguliwa, kwa ajili ya kazi. Habari yetu ni ya huo mlango wa pili.

Maneno mengine ya nyumba hii nayo yana asili zao. Padre ni neno la Wareno. Kanisa limetufikia kwa njia ya Waarabu. Shule ni neno la Kidachi, nalo limebaki bara mpaka leo, hali Unguja husema skuli kwa kuwafuata Waingereza. Sista nalo ni la Kiingereza. Hapo zamani mahali pa kufundishia paliitwa chuo, na aghalabu kilikuwa chuo cha Kurani. Basi mtu asemaye "shule ya masista" ametaja tawala mbili katika maneno mawili, wala hajui kwamba amezitaja.

III. Masista wa kwanza

Tarehe 16 Novemba 1887 Roma iliweka Prefektura ya Kitume ya Zanzibar ya Kusini, ikaikabidhi kwa shirika jipya la Wabenediktini lililoanzishwa na Padre Andreas Amrhein mwaka 1884, ambalo makao yake yalikuwa St. Ottilien katika nchi ya Bavaria. Katika kundi la kwanza walikuwamo masista wanne. Mwaka 1888 walipiga kambi yao Pugu, vilimani nyuma ya Dar es Salaam, mahali panapofikiwa kwa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kazi ya masista ilikuwa kulea watoto, na miongoni mwa watoto hao walikuwamo waliokombolewa utumwani.

Hawakukaa sana kwa amani. Mwaka uleule wa 1888 Kampuni ya Wadachi ilipata mkataba na Sultani Khalifa, ikaanza kushika forodha za pwani: bandari, ushuru na bendera. Watu wa pwani hawakukubali, wakainuka, na vita hivyo hukumbukwa kwa jina la Abushiri bin Salim. Tarehe 13 Januari 1889 misioni ya Pugu ilishambuliwa. Sista Martha Wansing aliuawa, pamoja na Bruda Petrus Michl na Bruda Benedikt Kantwerg; wengine walichukuliwa mateka, wakaja kukombolewa kwa mali. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka uleule.

Msomaji aliweke jambo hili moyoni. Vita vilivyomwua sista wa kwanza vilitoka forodhani. Wenyeji waliona kwamba mgeni amekalia mlango wa nchi yao, anaamua kiingiacho na kitokacho. Na mmisionari, hata akiwa hana bunduki wala daftari la ushuru, alihesabiwa kuwa wa nyumba moja na mwenye bunduki. Si haki kumlaumu Sista Martha kwa mambo ya Kampuni. Wala si haki kuwasimulia walioinuka kana kwamba hawakuwa na sababu.

Baada ya Pugu kuharibiwa, kazi ilihamia mjini, karibu na bandari. Mwaka 1891 Wadachi walihamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo hata Dar es Salaam, na mji uliokuwa umedorora tangu kufa kwa Sultani Majid mwaka 1870 ukaanza kukua tena. Misioni ikakua pamoja nao. Damu haikukoma: katika Vita vya Maji Maji, tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa safarini upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Mwaka 1906 nchi ile ya misioni ilipewa jina la Vikarieti ya Kitume ya Dar es Salaam.

Ikaja vita kuu ya kwanza. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na baada ya vita wamisionari wa Kidachi waliondolewa nchini. Mwaka 1921 mahali pao palichukuliwa na Wakapuchini wa Uswisi, na pamoja nao wakaja masista wa Baldegg, watu wa Uswisi vilevile. Hivyo nyumba za misioni zilibadili wakazi, bali si kazi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa amri ya serikali kuamua ni watawa gani wakae pale. Haikuwa mara ya mwisho.

IV. Mlango wa konventi

Mwaka 1925 serikali ya Waingereza iliwaita wamisionari katika mkutano Dar es Salaam, ili wapatane juu ya elimu. Mapatano yake yaliingia katika sheria ya elimu ya mwaka 1927. Kuanzia hapo shule ya misioni iliyokubali kukaguliwa na kufuata mafundisho yaliyopangwa iliweza kupata msaada wa fedha za serikali. Twalitaja jambo hili kwa sababu husahauliwa na wengi. Mtu husikia kwamba Serikali iliingia katika shule za misioni mwaka 1970; kumbe mkono wake mmoja ulikuwamo ndani tangu zaidi ya miaka 40, ukilipa sehemu ya mishahara na kuandika taarifa za ukaguzi. Mwenye kupokea mkate wa mwenziwe hawezi kusema kwamba wamekutana jana.

Lakini sheria za wakati ule zilikuwa na kasoro kubwa. Elimu ya Tanganyika iligawanywa mafungu matatu kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Waasia, na shule za Waafrika, na fedha ziligawanywa vilevile, kwa vipimo visivyo sawa. Konventi ya Mtakatifu Yosefu ilikuwa shule ya mjini, nayo ilijulikana hasa kwa watoto wa Wagoa na wa jamii nyingine zisizo za Kiafrika. Wagoa walikuwa Wakatoliki wa kale, watu wa majina ya Kireno, waliokuja kutoka Goa kwa njia ya Bombay kuwa makarani, washonaji na wapishi. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilikuwa kanisa lao, na ni halali kwamba shule iliyo kando yake ilikuwa shule yao. Mvulana wa Kiafrika aliyeendelea sana katika shule za misioni alielekea Pugu, katika chuo cha Mtakatifu Fransisko, mahali palepale ambapo misioni ya kwanza iliteketea.

Basi tuseme kweli bila kuzungukazunguka. Masista walifundisha kwa bidii na kwa unyofu, wakakaa maisha yao yote mbali na kwao, na wengi wakazikwa katika nchi hii. Mlango wa shule yao ulikuwa safi na taratibu zake njema. Lakini ulikuwa mwembamba. Mtoto wa mchukuzi wa bandarini au wa muuza samaki aliyekaa Kariakoo alipita mbele yake kila siku akielekea kivukoni, akasikia watoto wakiimba ndani, wala sheria ya nchi haikumhesabu kuwa mtu wa kuingia. Masista hawakuitunga sheria hiyo. Ila waliishi ndani yake, kama sote tuishivyo ndani ya sheria za wakati wetu, na aliye ndani ya nyumba si mwepesi kuuona upana wa mlango wake. Aliye nje ndiye aupimaye.

V. Neno kutaifisha

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na kuanzia tarehe 1 Januari 1962 mafungu yale matatu ya rangi yalifutwa. Mwaka 1964 ada za sekondari ziliondolewa. Hata hivyo shule zilikuwa bado chini ya wenyewe, na iliyobaki ilikuwa tofauti ya dini. Kwa kuwa shule nyingi nzuri zilikuwa za misioni, watoto wa Wakristo walikuwa wametangulia mbele sana. Mzazi Mwislamu wa pwani alikuwa kati ya mambo mawili: ama ampeleke mwanawe kwa wamisionari, akihofu kwamba atarudi na jina jingine, ama amweke nyumbani. Wengi waliwaweka nyumbani. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa maana sisi wenyewe tulisema waziwazi kwamba shule ni njia ya kuwavuta watu katika imani.

Tarehe 5 Februari 1967 lilitolewa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Rais Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Ndipo likaenea neno kutaifisha. Neno hilo limeundwa kwa kanuni za Kiswahili chenyewe: taifa likapewa mwisho wa -isha, kama vile safi huzaa kusafisha. Maana yake ni kufanya kitu kiwe cha taifa. Yalianza mabenki, kisha, kwa Sheria ya Elimu Na. 50 ya mwaka 1969, zikafuata shule. Tangu mwaka 1970 shule za madhehebu zilizosaidiwa na Serikali zikawa chini ya Serikali yenyewe, na mtoto hakuweza tena kukataliwa kwa rangi wala kwa dini.

Mtu aliyetia mkono katika jambo hili hakuwa mgeni wa shule za Kanisa. Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki. Alifundisha katika shule ya Mt. Maria Tabora, kisha Pugu, akaacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Alizijua shule hizo kwa ndani, na wema wake aliujua. Askofu Mkuu wa Dar es Salaam wakati ule alikuwa Kadinali Laurean Rugambwa, aliyehamishwa kutoka Bukoba mwishoni mwa mwaka 1968. Hivyo waliosimama pande mbili za jambo hili wote wawili walikuwa wana wa Kanisa na wana wa nchi, na labda ndiyo sababu halikuleta vita. Vipindi vya dini viliachwa katika ratiba, kila dhehebu likifundisha watu wake, na katika shule nyingi masista na mapadre waliendelea kufundisha, sasa wakiwa chini ya mkuu aliyewekwa na Serikali.

Konventi ya Mtakatifu Yosefu ikawa Shule ya Sekondari Forodhani. Mlango uliokuwa mwembamba ukapanuliwa kwa amri. Mtoto wa Kariakoo, wa Ilala au wa Magomeni aliyefaulu mtihani wa darasa la saba na kupangiwa hapo aliingia, hakuulizwa baba yake ni nani wala anasali wapi.

Lakini mwenye kupima kwa haki hupima pande zote. Mali ya watu wote mara nyingine hukosa mtunzaji, kwa kuwa kila mmoja amngoja mwenziwe. Madarasa ya shule za umma yalijaa, fedha za nchi zilipungua sana katika miaka ya 1970 na 1980, vitabu vikawa haba. Ile desturi ya masista ya kuishi kando ya shule, wakijua jina la kila mtoto na ugonjwa wa mama yake, haikuweza kuandikwa katika sheria. Sheria yaweza kuufungua mlango. Haiwezi kumweka mtu wa kukaa ndani, mwenye kuwapenda waingiao.

VI. Majina mapya

Desturi ya kuipa nyumba jina jipya ibadilipo mwenyewe ni ya kale, nayo yastahili kuangaliwa na wapendao lugha. Shule nyingi za misioni zilizochukuliwa zilivuliwa majina ya watakatifu. Marian College ya Morogoro ikawa Kilakala; Assumpta College ya upande wa Moshi ikawa Weruweru. Shule nazo ambazo hazikuwa za Kikristo zilipata vivyo hivyo: ile ya Aga Khan ya Dar es Salaam ikawa Tambaza. Pugu peke yake katika hizi ilibaki na jina lililokuwa katika vinywa vya watu tangu zamani, jina la mahali.

Sasa tulinganishe nyumba mbili zilizokuwa na jina moja. Katika mji wa Unguja nako ilikuwako Konventi ya Mtakatifu Yosefu. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 shule za visiwani zilichukuliwa na Serikali, na konventi ile ikaitwa Tumekuja. Hilo si jina la mahali wala la mtu. Ni sentensi nzima, yenye nafsi na wakati. Mwenye kusema ni wale waliokuwa nje, na wakati ni uliotimia: tumekuja, tumo ndani. Hakuna awezaye kulisoma jina hilo mlangoni asijue kwamba zamani wako waliozuiwa.

Bara hawakufanya hivyo. Waliangalia nyumba ilipo, karibu na bandari na ushuru wake, wakaiita Forodhani. Forodha ni mahali pa kutoza ushuru, na kiishio cha -ni huonyesha mahali. Ndiyo maana Unguja nako iko Forodhani, mbele ya bahari. Ni jina la upole, lisilojisifu wala kushutumu. Hata hivyo halikukosa maana. Forodhani ndipo bidhaa huzuiwa hata ilipiwe. Kivukoni, jirani yake, ndipo mtu huvushwa, naye huulizwa nauli. Shule yo yote yafanana na vyote viwili: ni mahali pa kuvusha watoto kutoka ng'ambo hii kwenda ng'ambo ile, na daima yuko asimamaye pale akiuliza, umelipa nini? Zamani aliuliza rangi. Mahali pengine aliuliza dini. Siku hizi huuliza ada.

VII. Nyumba ya Atiman

Mtu asidhani kwamba katika Kivukoni ni serikali tu ichukuayo nyumba za watawa. Liko jambo la namna nyingine, tena si mbali. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa akijenga mji wake mpya kando ya kijiji cha Mzizima, alijenga nyumba za mawe na matumbawe karibu na ufuko. Mojawapo ni Boma la Kale, la mwaka 1866 hata 1867, lililokusudiwa wageni wake. Jirani na boma hilo iko nyumba nyingine ya zama zilezile, iliyokuwa ya utawala wa Sultani. Mwaka 1922 nyumba hiyo ilinunuliwa na Mapadre Weupe, nayo yaitwa Nyumba ya Atiman.

Adrian Atiman alizaliwa upande wa Mto Niger, karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe katika Algeria. Alisomea uganga katika kisiwa cha Malta, akaja Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na hapo alitibu wagonjwa na kufundisha dini tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hata alipofariki mwaka 1956. Hivyo nyumba iliyojengwa na dola ya Sultani, katika zama ambazo utumwa ulikuwa halali katika pwani hii, ina jina la mtumwa aliyewekwa huru. Mwendo wa nyumba hii ni kinyume cha mwendo wa konventi: moja ilitoka kwa watawala ikaenda kwa mapadre, nyingine ilitoka kwa masista ikaenda kwa watawala. Mawe hayana dini. Mtu akizijua nyumba hizi mbili pamoja hawezi kuilia moja kana kwamba jambo lililoipata halijapata kutokea duniani.

VIII. Kurudi kwa ufunguo

Miaka ya 1990 mambo yaligeuka tena. Serikali iliona kwamba haiwezi kubeba elimu peke yake, ikaruhusu na kuomba wengine wajenge shule. Tarehe 21 Februari 1992 Serikali na Makanisa, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, walitia sahihi hati ya maelewano ya kushirikiana katika shule na hospitali. Na katika karne hii ya 21 nyumba iliyo kando ya kanisa la Mtakatifu Yosefu ilirudishwa kwa Jimbo Kuu, ikarudishiwa na jina la mtakatifu wake.

Wakristo wengi walifurahi, nasi twaona furaha hiyo ina haki. Lakini mwenye kurudishiwa ufunguo na aukumbuke mlango. Siku hizi mtoto hadaiwi ada katika shule za Serikali za msingi na za sekondari. Shule zisizo za Serikali hazina budi kutoza, maana walimu hula na madawati hununuliwa. Haya hatuyalaumu, hesabu ni hesabu. Twasema tu kwamba zile zama tatu za nyumba hii zatufundisha jambo moja. Watu hawakuinuka juu ya shule za misioni kwa sababu zilifundisha vibaya. Waliinuka kwa sababu zilifundisha vizuri, nao wakaachwa nje.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake ni kwamba uzuri wa nyumba hauko katika nakshi ya mlango, bali katika yaliyomo. Methali hiyo ni kweli kwa aliye na ruhusa ya kufungua. Kwa mtoto asimamaye barabarani, akielekea kivukoni na kikapu cha mama yake cha samaki, mlango ndio nyumba yote aijuayo.

Kwa hiyo twawaomba walimu na mapadre mambo mawili. La kwanza: zitafuteni daftari za zamani za uandikishaji katika shule zenu, mzitunze zisiliwe na mchwa, kwa maana ndani yake mna habari ambayo haimo katika mawe wala katika hati za Serikali, yaani ni nani walioingia, na kutoka mitaa gani. La pili: kila mwanzo wa mwaka, kabla ya kufunga daftari mpya, mwalimu mkuu na ahesabu, si walioandikwa tu, bali na waliokuja wakarudishwa, na sababu ya kurudishwa kwao. Hesabu hiyo ya pili ndiyo itakayosomwa na wajukuu wetu, watakapouliza kama tulijifunza neno lo lote katika habari za nyumba ya watawa iliyo kando ya forodha.